Kuchora Wanyama Nako ni Kazi
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Matembwe, Njombe)



Leo hatukuja kusema habari za mbolea wala za viazi. Tunataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi. Ni kazi ya kuchora picha za wanyama na kuziuza. Kijana akishika jembe, tunasema anafanya kazi. Akishika brashi, tunasema, "Huyo anachezea rangi tu." Je, ni kweli? Hebu tuangalie.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, katika mkoa wa jirani zetu wa Ruvuma. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya vibarua vya namna nyingi. Hakupita chuo chochote cha uchoraji. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege: chui, tembo, nyati, kanga. Hakuwa na vifaa vya gharama. Alitumia mbao bapa zinazotumika kwa ujenzi, na rangi ya mafuta kama ile ya kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa huko Oysterbay, na mkewe alisaidia kuuza. Akawafundisha jamaa zake, na wao wakapata riziki.

Tingatinga alifariki mwaka 1972. Alipigwa risasi usiku na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lakini wanafunzi wake hawakutupa brashi. Waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo huo wa kuchora unaitwa Tingatinga, na unajulikana hata Ulaya na Japani.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mchoraji hununua ubao mzima wa futi 4 kwa futi 8. Akiukata kwa futi 2 kwa futi 2, anapata vipande 8. Kwanza anapaka rangi ya chini, anaacha ikauke. Halafu anachora umbo la mnyama. Anajaza rangi, anaacha ikauke tena. Mwisho anatia madoa, macho na manyoya. Akiharakisha, rangi zinachanganyika na picha inaharibika. Na kwetu huku kwenye ukungu na baridi, rangi inachelewa kukauka. Kwa hiyo mchoraji mwenye akili hachori picha moja moja. Hii ikikauka, anashika nyingine.

Pia lazima amjue mnyama. Mfugaji akiona ng'ombe amechorwa kiwele mahali pasipo pake, atacheka na kwenda zake. Hapo sisi watu wa vijijini tunayo shule ya bure. Ng'ombe tunawakamua wenyewe. Kuku na vifaranga Matembwe tunawafahamu vizuri. Duka la chakula cha kuku linahitaji picha ya kuku mlangoni. Banda la maziwa linahitaji ng'ombe. Ukuta wa shule unahitaji wanyama wa kufundishia watoto. Si lazima mchoraji angoje watalii.

Lakini jamani, hapa ndipo penye shida. Wachoraji wengi wanajua kuchora, ila hawajui kupiga hesabu. Tuchukue mfano. Tuseme ubao mzima ni shilingi 24,000. Kila kipande basi ni shilingi 3,000. Rangi na brashi kwa picha moja tuseme 2,500, na nauli 1,500. Jumla ni shilingi 7,000. Anakuja mnunuzi anasema, "Nakupa 8,000." Kijana anafurahi, eti kapata faida ya 1,000. Lakini picha hiyo imemla siku mbili nzima za kazi! Kibarua wa shambani atakubali shilingi 500 kwa siku? Hawezi. Mbona mchoraji akubali?

Basi weka jasho lako kwenye hesabu. Kama siku moja ya kazi ni shilingi 6,000, siku mbili ni 12,000. Ongeza zile 7,000. Picha hiyo imekugharimu shilingi 19,000. Chini ya hapo unajiibia mwenyewe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Mzazi, kama mwanao anachora, kaa naye jioni mwandike pamoja: tumenunua nini, tumeuza nini, nani anadaiwa.

Jambo jingine ni jina. Tingatinga aliandika jina lake juu ya picha zake. Zilipokuwa mali, wakatokea watu wa kuandika jina hilo juu ya picha ambazo yeye hakuzichora. Mnaona thamani ya jina? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kubuni kazi yake. Lakini mtu atajuaje kuwa ni yako kama hukuandika? Andika jina na mwaka pembeni mwa picha. Tunza nakala au picha ya simu. Mtu akikupa kazi ya ukuta mzima, andikianeni kwanza: kazi gani, bei gani, ataanza kulipa lini. Msiandikiane kwa maneno ya mdomo.

Wachoraji wakiwa wawili watatu, wanunue ubao na rangi pamoja, na wakubaliane bei ya chini. Mlanguzi akimkuta mmoja mmoja, atawapunja wote.

Ndugu zetu, jembe tusiliache. Viazi na mahindi ndiyo chakula chetu. Lakini kijana anayejua kuchora asicheklwe. Aulizwe, "Daftari lako liko wapi?" Akilionyesha, na hesabu imekaa sawa, huyo ni mfanyakazi kama sisi.

 Sasa tupate maswali.