Pesa ya Mgeni wa Meli: Kadi, Noti na Saa Chache za Biashara

Maandishi ya mazungumzo kwa wafanyabiashara, madereva wa teksi na tuktuk, na waelekezi wa watalii katika Kaunti ya Mombasa, kabla ya msimu wa meli za kitalii



Msimu wa kaskazi ndio msimu wa meli za kitalii katika mwambao huu. Meli moja ikitia nanga Kilindini huleta mamia ya abiria, na kubwa huleta zaidi ya elfu. Wapo wanaopanda mabasi kwenda Tsavo Mashariki au Shimba Hills. Wengine huelekea Fort Jesus, Mji wa Kale na kwa wachonga vinyago wa Akamba kule Changamwe. Mara nyingi jioni ya siku hiyo hiyo meli huondoka. Mauzo ambayo hayakufanyika mchana hayawezi kufanyika kesho.

Kila msimu malalamiko ni mamoja: wageni ni wengi lakini hawanunui. Wako ambao kweli hawataki kununua. Lakini wengi huondoka mikono mitupu kwa sababu ya jambo dogo tu: namna ya kulipa. Anayeelewa jinsi pesa inavyotumika ndani ya meli ataelewa pia kwa nini mgeni anashuka na mkoba mwepesi.

Melini, pesa taslimu karibu hazina kazi. Siku ya kupanda, abiria hupewa kadi ya meli. Kadi hiyo hufungua mlango wa chumba chake, humtambulisha anaposhuka na kurudi, na huandika kila anachonunua, kuanzia soda hadi picha. Deni hujumlishwa katika akaunti yake ya melini na hulipwa mwisho wa safari, kwa kadi ya benki aliyoisajili au kwa pesa alizoweka kama amana. Katika meli nyingi, hata bakshishi ya wahudumu huongezwa humo kila siku. Mtu anaweza kukaa wiki mbili baharini bila kushika noti.

Hapo yanatokea mambo matatu ambayo mfanyabiashara wa Mombasa anapaswa kuyajua.

Kwanza, kadi ya meli haifanyi kazi nje ya meli. Mgeni akiitoa kwa mazoea, hana nia ya kukwepa kulipa. Aulizwe kwa upole kama ana kadi ya benki.

Pili, wengi wanaokuja kwa basi la kikundi wamekwisha kulipia ziara yao melini, na gharama imeingia katika akaunti yao. Dereva au mwelekezi anayewadai tena nauli au kiingilio kilicholipiwa humfanya mgeni aone kwamba anaibiwa, na kikundi kizima hufunga mikoba.

Tatu, baadhi ya wageni hushuka na kadi ya benki inayotoa pesa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yao. Iwapo kadi hiyo ndiyo waliyoisajili melini, kampuni ya meli inaweza kuwa imezuilia kiasi fulani, na huchukua siku kadhaa benki kukiachilia. Kwa hivyo kadi inaweza kukataliwa dukani ingawa mwenyewe anajua ana pesa. Si vyema kumkaripia mbele ya watu. Aulizwe kama ana kadi nyingine au taslimu. Na kabla ya kujaribu mara ya pili, muuzaji ahakikishe kwenye mashine kwamba malipo ya kwanza hayakupita, asije akamtoza mara mbili.

Tukija kwenye noti, wageni wengi hubeba dola au euro. Dola ya Marekani ya zamani bado ni halali kwao, lakini hapa maduka ya kubadilisha fedha za kigeni mara nyingi huzikataa noti za miaka ya nyuma, zilizochanika au zilizoandikwa kwa kalamu. Isitoshe, noti za dola 1, 5, 10 na 20 kwa kawaida hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Muuzaji asipoliweka hilo kwenye hesabu, faida yake itaishia kwenye dirisha la kubadilishia pesa. Sarafu za euro ni hasara zaidi, kwa kuwa maduka hayo hayazipokei. Dereva aliyepewa bakshishi ya sarafu za euro amepewa ukumbusho tu, isipokuwa apate mgeni atakayezichukua na kumpa noti.

Kuhusu noti bandia, ya dola 100 ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ile iliyoanza kutumika mwaka 2013 ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Noti ikiinamishwa, picha ndogo za kengele zilizo kwenye utepe hugeuka kuwa nambari 100. Nambari 100 iliyo kwenye kona ya chini upande wa kulia hubadilika kutoka rangi ya shaba hadi kijani. Ikiinuliwa kwenye mwanga, sura ya Benjamin Franklin huonekana ndani ya karatasi. Kalamu ya kupimia peke yake haitoshi, kwa maana wako wahalifu wanaofuta noti halisi ya dola 5 na kuichapa upya kama 100. Karatasi ni halali lakini sura iliyo ndani si ya Franklin. Anayeshuku noti asiipokee. Aliyekwisha kuipokea aipeleke benki au polisi. Kumpa mtu mwingine noti ambayo unajua ni bandia ni kosa la jinai.

Chenji nayo imeharibu biashara nyingi. Tuseme kikoi ni shilingi 1,500 na dola moja ni shilingi 130. Mgeni anatoa dola 20, yaani shilingi 2,600. Chenji yake ni shilingi 1,100. Lakini baada ya saa mbili meli inaondoka, na duka la melini halipokei shilingi. Atazifanyia nini? Wengi hurudisha kikoi mezani. Muuzaji aliyejiandaa huwa na noti chache ndogo za dola. Anaweza kusema bei ni dola 12, ampe mgeni dola 8, na wote waachane wakicheka. Asiye na dola ndogo anaweza kumwonyesha leso au pakiti ya korosho inayofikia chenji hiyo, bila kumlazimisha. Biashara haigombi.

Kwa wenye mashine ya kadi, mashine iwe na chaji na mtandao tangu asubuhi. Kadi isiondoke machoni pa mwenyewe. Aiguse au aichomeke yeye, na aweke nambari yake ya siri bila kuchunguliwa. Kuna mashine zinazouliza kama malipo yawe kwa shilingi au kwa sarafu ya nchi ya mgeni. Uamuzi huo ni wa mgeni. Akichagua sarafu ya kwao, mara nyingi hulipa zaidi kwa sababu ya kiwango cha ubadilishaji, naye atagundua akifika nyumbani. Muuzaji aliyemchagulia kimyakimya anaweza kujikuta malipo yamepingwa benki. Hapo risiti ndiyo shahidi pekee, kwa sababu meli imeshaenda. Kwa hivyo nakala ya kila risiti ihifadhiwe, na risiti ionyeshe kitu kilichouzwa.

Wageni wengi hawana laini ya simu ya Kenya, kwa hivyo hawawezi kulipa kwa M-Pesa. Mara nyingi mwelekezi hupokea dola kutoka kwa mgeni na kumtumia mwenye duka shilingi kwa simu. Njia hiyo inasaidia, mradi kiwango cha kubadilishia kitajwe wazi mbele ya wote watatu. Kiwango kikifichwa, mwenye duka na mwelekezi huanza kutiliana shaka, na mgeni huona yote.

Anayetaka kutoa shilingi apelekwe kwenye mashine ya benki, kwa mfano katika Moi Avenue au Barabara ya Nkrumah, mchana, mahali penye mlinzi. Anayetaka kubadilisha noti apelekwe benki au kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, si kwa mtu wa barabarani. Siku ya Jumapili benki nyingi hufungwa, kwa hivyo mwelekezi ajue mapema ni duka gani liko wazi.

Mambo haya hayahitaji mtaji mkubwa. Bei iandikwe kwa shilingi na dola, mahali inapoonekana. Nauli ya tuktuk kutoka bandarini itajwe kabla ya safari, na itajwe pia kama ni ya mtu mmoja au ya chombo kizima, ni kwenda tu au kwenda na kurudi. Chenji itafutwe siku moja kabla meli haijafika. Jioni, abiria hukaa melini wakielezana walivyopokewa mjini, na kampuni za meli husikiliza zinapopanga safari za msimu ujao. Dola 12 za kikoi ni kidogo, lakini mgeni aliyezitoa kwa amani humfungulia njia mama wa leso, dereva na mwelekezi ambao hatawahi kuwaona.