Siba, Punda Wawili na Mkate wa Changarawe

Fungueni Biblia zenu katika kitabu cha pili cha Samweli. Tutatazama sura ya 9, kisha mistari 4 ya kwanza ya sura ya 16, tumalizie katika sura ya 19. Ni habari ya lupango. Mtumishi mmoja alitaka kupora lupango ya bwana wake kwa mayele, na mayele yakamrudia mwenyewe.

Pita katika mji wetu wa Likasi, toka Kikula mpaka Panda, toka Shituru mpaka huku kwetu Kakontwe. Utaona ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: nyumba hii haiuzishwe. Mgeni anaweza kucheka. Tangu lini mtu anatangaza kitu asichouzisha? Mama anayeuzisha unga sokoni haandiki kwamba kitanda chake hakiuzishwi. Lakini sisi tunaelewa. Mwenye nyumba yuko Kolwezi au Lubumbashi, na hofu yake ni kwamba akirudi atakuta familia ingine inapika bukari katika uwanja wake, na karatasi wanayo mkononi.

Basi tuone Siba. Mfalme Daudi alikuwa amemrudishia Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mashamba yote ya babu yake Sauli. Mefiboshethi alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Hakuweza kulima wala kusimamia kazi, kwa hiyo Daudi alimpa Siba kazi hiyo. Na Siba hakuwa maskini. Biblia inasema alikuwa na wana 15 na watumwa 20. Hesabu mwenyewe: watu 35 na yeye wa 36, wote wanaishi juu ya shamba lile, na bwana wao ni mtu asiyeweza kutembea kwenda kuhesabu magunia. Siba alikosa nini? Alikosa karatasi tu. Shamba halikuwa kwa jina lake, na jambo hilo lilikuwa linamnyima usingizi.

Siku ikafika. Absalomu akamwasi baba yake, Daudi akakimbia Yerusalemu, akapanda mlima wa Mizeituni akilia. Alipopita kilele kidogo, nani anamngojea njiani? Ni Siba, na punda wawili wametandikwa vizuri, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa jua, na kiriba cha divai. Mfalme ana njaa, ana machozi, na mbele yake imesimama kama duka zima. Akauliza: bwana wako yuko wapi? Siba akajibu kwamba Mefiboshethi amebaki Yerusalemu, anangoja apewe ufalme wa babu yake.

Wapendwa, pimeni uongo huu kidogo. Absalomu amefanya vita ili akae yeye mwenyewe juu ya kiti. Atamwachiaje kiti hicho mjukuu wa Sauli? Uongo huu hata mtoto wa shule ya siku ya Mungu angeuona. Lakini mfalme alikuwa na haraka na uchungu, na zabibu zilikuwa tamu. Palepale akatoa hukumu: mali yote ya Mefiboshethi ni yako, Siba. Hakuita shahidi. Hakutuma mtu kuuliza. Shamba zima lilihama kwa bei ya punda wawili na mikate.

Na punda wenyewe walikuwa wa nani? Katika sura ya 19 Mefiboshethi anaeleza kwamba siku ile alitaka kutandikiwa punda ili amfuate mfalme, kwa sababu yeye ni kilema, lakini mtumishi wake alimdanganya. Mwanafunzi mzuri wa Biblia anaweza kujiuliza kama mmoja wa wale punda wawili si yule yule aliyengojewa na kilema pale mlangoni. Ikiwa ni hivyo, Siba alilipia mali ya bwana wake kwa mali ya bwana wake. Ni kama mtu anayekuibia simu, kisha anakuomba namba ya siri ili akuuzishie!

Vita vikaisha, Absalomu akafa, Daudi akaanza kurudi. Sasa mtazame Siba. Hakuna aliyemwita, lakini yeye na wana wake 15 na watumwa wake 20 wanakimbia mpaka Yordani, wanaingia katika maji mbele ya mfalme, ili wawe wa kwanza kuonekana. Watu 36 wanarusha maji! Mtu mwenye karatasi safi hana haja ya kuogelea.

Kisha Mefiboshethi anakuja. Hakuleta zabibu. Tangu mfalme aondoke hakutunza miguu yake, hakukata ndevu, hakufua nguo. Uso wake na nguo zake vilikuwa vinashuhudia: mtu huyu alikuwa katika kilio, hakuwa katika sherehe ya kungoja ufalme. Daudi akaelewa. Lakini ona haya ya mkubwa aliyehukumu vibaya: badala ya kufuta hukumu yake, akalikata shamba katikati, nusu kwa Siba, nusu kwa Mefiboshethi. Na Mefiboshethi akasema Siba achukue hata yote, kwa kuwa mfalme amerudi salama.

Hapo ndipo mayele yalipomrudia Siba. Kabla ya uongo, alikuwa anakula shamba lote kwa amani, na mfalme anamwamini. Baada ya uongo, yuko na nusu, na mbele ya watu wote jina lake limekuwa la mwongo. Aliyeporwa alisimama pale amechafuka, hana kitu, na kila mtu aliona kwamba yeye ndiye mkubwa. Mithali 20 mstari wa 17 inafundisha kwamba mkate wa udanganyifu ni mtamu mwanzoni, halafu kinywa kinajaa changarawe. Watu wa Kakontwe hawahitaji kuelezwa changarawe. Jiwe la chokaa la hapa linajulikana hata na wataalamu wa miamba, nao wameliita kwa jina la Kakontwe. Sisi tunajua jiwe ni la kazi gani. Meno hayana kazi na jiwe.

Msidhani hayo ni mambo ya zamani, au ya Kongo peke yake. Mwaka 1925, katika mji wa Paris, mjanja mmoja aliyeitwa Victor Lustig alijifanya mkubwa wa serikali, akawaita wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa siri, akawaambia serikali imechoka na mnara wa Eiffel, inauuzisha kama chuma chakavu. Mmoja akalipa! Na alipogundua, aliona haya hata kwenda polisi. Lustig angeweza kunyamaza na kushukuru. Lakini alirudi Paris kuuzisha mnara ule ule mara ya pili. Safari hii habari zilifika polisi, akakimbilia Marekani, na mwisho alifungwa huko kwa kosa la pesa za bandia, akafa akiwa mfungwa mwaka 1947. Mara ya kwanza ilipofaulu, ndiyo iliyomtegea mtego wa mara ya pili.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja alipewa pesa ya mwisho. Pesa ya mwisho ni pesa ya mara moja. Mtu aliyefanya kazi miaka 25 au 30 akitoa franga zake kwa lupango ya uongo, hatapata miaka mingine 30 ya kuzitafuta. Kwa hiyo msiichukue dhambi hii kama mchezo wa mayele. Yule komisionere anayeonyesha lupango moja kwa watu watatu anakula uzee wa baba wa watu.

Kwa wewe unayenunua, Biblia inatoa mfano mwingine. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Soma sura ya 32. Aliita mashahidi, akapima fedha mbele yao, akaandika hati mbili, moja ya kufungwa kwa muhuri na moja ya wazi, akaziweka katika chungu ili zidumu. Nabii huyo alikuwa anasikia sauti ya Mungu, lakini hakusema kwamba kwa imani karatasi si lazima! Nawe fanya hivyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki juu yake, na haki hiyo inaonekana katika sertifika ya ofisi ya konservatere. Kabla ya kutoa franga, nenda huko uulize jina la nani limeandikwa. Uliza shefu wa kartie. Uliza majirani wa pande zote, tena mchana. Na ukiporwa, usilale: sertifika ikimaliza miaka 2, ni vigumu sana kuipinga. Anayeuzisha nyumba isiyo yake, sheria ya adhabu inamngojea na kifungo.

Lakini mara nyingi Siba si mgeni. Siba ni ndugu. Baba amekufa, kilio hakijaisha, mama mjane bado amekaa chini, na tayari mashemeji wanaonyesha nyumba kwa wanunuzi. Sikilizeni: Kitabu cha Familia cha mwaka 1987 kinasema watoto wa marehemu ni warithi wa kwanza, wanapata robo tatu ya urithi, na mjane ana haki yake pia katika nyumba ile. Anayemtoa mama huyo kwa kusema ni desturi, amesimama njiani na punda wawili, hata kama anaimba katika kwaya.

Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, neno hili linatugusa pia. Kesi inapoletwa mbele yetu, anayekuja wa kwanza na zabibu asisikilizwe peke yake. Na tusikate lupango katikati ili tupate amani ya haraka. Nusu kwa mwizi na nusu kwa mwenyewe si upatanisho. Wala mtu asichukue neno la Mefiboshethi kumwambia mjane aachilie yote. Mefiboshethi alisema kwa kinywa chake mwenyewe, na bado alikuwa anakula mezani pa mfalme. Mjane ukimtoa, atakula meza gani?

Pengine unasoma karatasi hii ukiwa ndani ya nyumba ambayo unajua ilipatikanaje. Kila ukisikia hodi, moyo unaruka. Ukikutana na mtoto wa yule marehemu, unageuza njia. Pesa unaweza kuificha, gari unaweza kulipaka rangi, lakini lupango itabaki palepale, na majirani wanaikumbuka. Zakayo hakungoja tribinali. Aliposikia Yesu anaingia kwake, alitoa ahadi ya kurudisha mara nne, na siku ileile wokovu uliingia katika nyumba yake. Toka leo, kabla jua halijazama, nenda kwa yule uliyemkosea. Ukiogopa kwenda peke yako, pitia kwa mchungaji wako, atakusindikiza. Mama mjane anayelala na mkoba wa karatasi chini ya kichwa, usiku wa leo aweze kuuweka kabatini.

Tuombe. Bwana, tupe mikono safi na karatasi safi. Warudie wajane na yatima wa Kakontwe kwa ulinzi wako. Na aliyeshika cha mwingine, umpe nguvu ya kukirudisha. Katika jina la Yesu. Amina.