Marburg Ilitangazwa, Kichaa cha Mbwa Je?



Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Wataalamu wakapelekwa, waliokuwa karibu na wagonjwa wakafuatiliwa. Machi 13 Wizara ya Afya ikatangaza kuwa mlipuko umekwisha. Watu 10 walikuwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara na wanane wakidhaniwa. Ilikuwa haki kabisa kutangaza. Marburg hutoka kwa popo wa mapangoni, na ikiingia kijiji haina mchezo.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa hapo kwenye mkeka: lini umesikia kichaa cha mbwa kikitangazwa hivyo?

Mwaka 2002 watafiti walichapisha hesabu yao kuhusu Tanzania. Taarifa rasmi zilikuwa zinaonesha wastani wa vifo 11 hivi kwa mwaka. Wao walihesabu watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wakakadiria kwamba wanaokufa ni karibu 1,500 kila mwaka. Hata ukiikata hesabu hiyo nusu, bado ni misiba mingi inayopita bila kuandikwa popote.

Haiandikwi kwa sababu hawa hufia nyumbani. Mtoto anachunga, mbwa asiye na mwenyewe anamrukia na kumng'ata mguu. Anaogopa kusema, au anasema na kidonda kinapakwa majani kinapona. Virusi vilivyokuwa kwenye mate ya mbwa vimeshaingia, vinapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Homa inapoanza, na mtoto akikiona kikombe cha maji anashtuka na koo linambana, nani atakumbuka mbwa wa miezi mitatu iliyopita? Watasema malaria imepanda kichwani. Wengine watamtafuta jirani wa kumsingizia uchawi. Na dalili zikishatokea, hakuna daktari wala mganga wa kumrudisha, iwe hapa kwetu Usinge, Kaliua, au Ulaya.

Mbwa huku kwetu ni mfanyakazi. Analinda ng'ombe, anafukuza ngedere shambani, anamfuata mrina asali porini, na huko porini anakutana na fisi na mbweha ambao nao huugua kichaa. Kwa hiyo sikubaliani na halmashauri zinazoona dawa ni kuwapiga mbwa risasi. Ukiua mbwa wa mtaa, nafasi yake itachukuliwa na wengine wasiochanjwa, na huenda katika wale uliowaua wamo waliokwisha kuchanjwa. Umetupa risasi na chanjo pamoja.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na zoezi likarudiwa kila mwaka kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa kila siku, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba wamefanya hivyo. Kichaa kilikwisha kisiwani, kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena mpaka kikatoweka. Najua, Pemba ni kisiwa, na sisi tuko kwenye njia iliyopitisha misafara ya Ujiji tangu enzi na enzi, na sasa treni na makundi ya ng'ombe. Lakini vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti si kisiwa, na huko pia uchanjaji wa mbwa ulipunguza kichaa.

Chanjo ya mbwa ni nafuu kuliko sindano za mtu mmoja aliyeumwa. Sindano za mtu ni kadhaa, na hazipatikani kila zahanati. Baba anauza mbuzi, anapanda gari mpaka hospitali ya mbali, na akifika huenda akaambiwa zimekwisha. Madiwani wetu wanapokaa na bajeti, fungu la kuchanja mbwa lisiwe la mwisho kuandikwa na la kwanza kukatwa. Hapo sina lugha nyingine ya upole.

Na wewe mzazi, fanya hivi. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, usisubiri kujua mbwa ni wa nani. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni ya kufulia kwa dakika 15, maana sabuni huviharibu virusi hivyo. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na sindano atakazoandikiwa azimalize zote, hata kama kidonda kimekauka. Na afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, mfunge mbwa wako kamba, umpeleke.