Puti haiungi faiba

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta wa udongo sina ubishi nao. Lakini kwa gari lenye bodi ya faiba, huko kuziba ndiko kunakoleta hasara.

Huku kwetu Tengeru, juu kidogo ya barabara kuu iendayo Moshi, yuko kijana aliyejiundia gari mwenyewe. Chesisi na injini ni vya Suzuki iliyokwisha kufa. Bodi yote ameifinyanga kwa faiba nyuma ya nyumba ya baba yake, kwenye migomba. Waliomcheka ndio hao hao wanaomwomba lifti. Siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, gari lile hushuka na mikungu ya ndizi, na barabara za mlimani mnazijua zilivyo. Basi boneti ikapasuka karibu na bawaba. Akaipeleka kwa fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja. Ikapigwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi, ikang'aa kama bibi harusi. Wiki tatu baadaye ufa ukarudi pale pale, na sasa ulikuwa umezaa.

Kwa nini? Faiba si bati. Bati likibonyea utaligonga nyundo, litarudi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizolazwa kama mkeka na kushikwa na utomvu wa kiwandani uitwao rezini. Nguvu iko kwenye nyuzi, na ufa maana yake ni kwamba nyuzi zimekatika. Puti ya kawaida ni unga na gundi, haina nyuzi. Bodi ikitikisika hujikunja kidogo. Puti haijui kujikunja, inaachia.

Ufundi wenyewe upo Arusha, wala hauhitaji kuagizwa. Magari mengi ya watalii yana paa la kuinuka, na mengi ya mapaa hayo ni ya faiba. Mzee mmoja aliyezoea kazi hiyo ndiye aliyekuja kumwelekeza kijana wetu, mimi nikiwa mshika taa na muuliza maswali.

Mzee hakuanza na ufa, alianza na chanzo chake. Bolti ya bawaba ilikuwa imekazwa juu ya faiba tupu, bila washa pana ya kugawa uzito, kwa hiyo kila shimo la barabarani lilikuwa likipiga mahali pamoja. Kisha puti yote ikatolewa. Wakasaga upande wa ndani, si kwa kuchimba mfereji mwembamba bali kwa kufanya mteremko mrefu, ili mkeka mpya upate mahali pa kushika. Wakasafisha kwa asetoni. Wakalaza vipande vya mkeka kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha kabla yake, wakikandamiza kwa brashi mpaka mapovu ya hewa yaishe. Hapo ndipo puti iliporuhusiwa, nyembamba kama siagi ya maskini, kwa kusawazisha tu.

Dawa ya kugandishia ni kidogo mno, kama asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayowaponza mafundi wetu. Asubuhi ya ukungu rezini inachelewa, fundi anaongeza dawa. Jua likichomoza kopo linafuka moshi mkononi.

Kijana alitaka pia kupanua madigadi apate nafasi ya tairi kubwa. Uzuri wa faiba ni kwamba unakata, unajenga umbo kwa maboksi na plaiwudi, unalifunika kwa nailoni, unalaza mkeka juu. Asitumie tu ile povu nyeupe inayokinga televisheni ndani ya boksi, maana rezini huiyeyusha. Hakuna mashine ya mamilioni ya kukandamiza bati. Chevrolet Corvette zilipoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1953, zote 300 za mwaka ule zilikuwa na bodi ya faiba. Waingereza nao walinunua magari ya vipande wakayaunga nyumbani, kwa kuwa gari la namna hiyo halikutozwa kodi ya ununuzi, hadi VAT ilipoingia mwaka 1973. Kwa hiyo kijana wetu si kichaa peke yake.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifike kwenye jambo linaloninyima raha. Piteni gereji za kando ya barabara mtazame anayesaga faiba. Kajifunga kitambaa puani, au hana hata hicho. Hatua chache pembeni mama anachoma mahindi, na watoto wanacheza kwenye vumbi lile. Vumbi hilo ni kioo. Linawasha ngozi, linaingia mapafuni. Harufu ya rezini nayo si manukato, inaumiza kichwa na macho. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, kwa barakoa ya vumbi, miwani na glavu, na msasa wa maji kila inapowezekana ili vumbi lisipae.

Rezini nyingine huja na kichapuzi chake pembeni, maji ya rangi ya zambarau. Kichapuzi hicho kisichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kugandishia, kwani vikikutana hulipuka. Kimoja kitangulie ndani ya rezini, kikorogwe sawasawa, ndipo cha pili kifuate.

Na wenye gereji, nawaomba ndoo ya maji safi isikauke hapo kazini. Dawa ya kugandishia ni peroksidi, na tone moja tu laweza kumpofusha mtu. Likimrukia kijana jichoni, msimpulizie wala msimfute kwa kanga. Mmwagieni maji jichoni, dakika 15 zisizopungua, kisha hospitali siku ile ile, hata kama mwenye gari amekaa pale anasubiri.