Mambo ya kumuuliza anayetafuta kura ya komine
Hotuba ya komite mbele ya wanachama, Kalemie, Novemba 2023



Tarehe 20 Desemba tutachagua mara ine kwa siku moja: rais, deputé wa taifa, deputé wa jimbo, na mushauri wa komine. Hii ya ine njo tunataka kuzungumzia leo, juu hatujawahi kuipiga. Mpaka sasa burugumesta anatumwa kutoka juu. Sheria inasema washauri tunaowachagua njo watakaomuchagua burugumesta. Kwa hiyo hii kura ndogo iko karibu na mlango wetu kuliko zile kubwa.

Wagombea wameanza kupita kwenye avenyi zetu. Wanajua tuko wengi: waliotoka Lugufu kabla haijafungwa 2009, waliotoka Mwange na Kala kule Zambia, na wale waliorudi kivyao, bila boti ya HCR. Mmoja ametuahidi barabara mpaka Lubumbashi. Mwingine ameahidi umeme usiku na mchana. Tumewapigia makofi, ni desturi. Lakini mushauri wa komine hajengi barabara ya taifa, na akisema atajenga, ao hajui kazi anayoomba, ao anajua na anatuchezea.

Komite imekaa ikasoma ile sheria ya 7 Oktoba 2008 inayopanga kazi za miji, komine, sekta na sheferi. Komine iko na kazi zake: soko, mifereji, usafi, kuandika waliozaliwa na waliokufa. Ni mambo madogo, lakini njo yanayotuumiza kila siku. Tumuulize hayo.

Tuanze na karatasi za watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inasema mtoto aandikwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na kuandika ni bure. Siku ya 91 mambo yanageuka: lazima hukumu ya korti. Korti inataka mashahidi, inataka makuta, inataka uende urudi, uende urudi. Muvuvi hawezi, na mama muuza ndagala hawezi, juu siku asiyofanya kazi njo siku nyumba haili. Mfuko wetu wa kusaidiana umelipia hukumu hizo mara nyingi. Ndugu wafadhili waelewe: makuta hayo yangebaki kwa wagonjwa na kwa vilio kama mtoto angeandikwa bure kwa wakati.

Kwa watoto waliozaliwa kambini shida iko mara mbili. Wako na karatasi ya Tanzania ao ya Zambia, wengine wako tu na ile ya HCR yenye majina ya familia nzima. Mutu wa ofisi anaiangalia, anacheka, anauliza: huyu si Mutanzania? Hapana. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inasema mtoto ambaye baba ao mama yake ni Mukongomani, yeye ni Mukongomani tangu kuzaliwa. Si lazima wazazi wote wawili, na si lazima azaliwe huku. Kila mzazi aishike hiyo kichwani na aiseme bila kuogopa mbele ya meza yoyote. Kijana anayefika mwaka wa mwisho wa sekondari bila cheti anakimbizana na majina na tarehe wakati wenzake wanajifunza mtihani wa leta. Na jina likikosewa kwenye diploma, kulirudisha ni safari ndefu.

Basi swali ni hili: ukiingia ndani ya baraza, utafanya nini ili mwandikaji wa komine afike kwenye materniti na kwenye kartie za pembeni, kila mwezi, bila kuomba kitu? Na wale waliopitwa na siku 90, utaenda kuongea na korti ije ikae huku kwetu siku chache, isikilize familia nyingi kwa mara moja? Korti kusafiri si ndoto, limekwisha kufanyika katika inchi hii.

Pili ni taksi ya soko. Wamama wetu hawakatai kulipa. Wanakataa kulipa mara tatu kwa asubuhi moja, kwa watu watatu wenye vitabu vitatu, ao wasio na kitabu. Leo bei moja, kesho ingine. Beseni la sombe linatozwa mbele halijauzwa fungu hata moja. Tena mama akifungua mdomo, lafuzi ya Kigoma ikisikika, anaambiwa bei ya "mkimbizi". Tumuulize mgombea: utakubali bei ya kila taksi iandikwe kwenye ubao mkubwa mlangoni mwa soko, kwa Kiswahili, na anayelipisha bila kwitansi asilipwe? Hilo halihitaji makuta ya mzungu. Linahitaji ubao na rangi.

Tatu, makuta yenyewe. Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Sheria ile ya 2008 inaongeza kwamba katika sehemu ya jimbo, 40% ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Tufanye hesabu ya sokoni: taifa likipata franka 100, majimbo 40, na ndani ya hizo 40, 16 ni za hizi serikali ndogo. Kila aliyekaa karibu na ofisi ya komine anajua hizo 16 hazifiki zote, wala hazifiki kwa wakati. Hatumuombi mushauri aende Kinshasa kuzileta. Tunamuomba abandike ukutani kilichofika na kilichotumika, kila miezi mitatu, ili hata asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Kuhusu parseli tuseme kifupi. Wengi walirudi wakakuta mutu mwingine analala ndani ya nyumba yao. Mgombea akisema atarudisha parseli zote, muache apite: hilo ni la korti na la ofisi ya ardhi. Ila komine inaweza kuzuia watu wasiuziwe viwanja kwenye maji. Tangu ziwa lilipopanda 2020 na 2021 tunajua maji yanaanza nyumba za nani.

Sasa juu ya chama. Chama hakina mgombea, hata kama mwanachama wetu anagombea. Franka hata moja ya mfuko haitaingia kwenye kampeni, na daftari iko wazi kwa anayetaka kuangalia. Mchele, kitenge ao tishati mkipewa, ni mambo yenu na dhamiri zenu. Lakini musichukue kwa jina la chama. Na tusigawanywe na maneno ya kambi, huyu wa Tanzania, huyu wa Zambia. Wagombea wengine wameanza kuhesabu hivyo.

Jumapili ijayo, kisha ibada, tutawakaribisha wote wanaotaka kuja. Kila mmoja dakika kumi, saa itashikwa na mama muweka hazina. Maswali yatasomwa na wamama wa soko wenyewe, na majibu yataandikwa na katibu, mgombea aweke sahihi chini ya maneno yake. Atakayekataa sahihi tutaandika kwamba amekataa. Aliyerudi baada ya watu kuandikishwa, kwa hiyo hana kadi ya CENI, aje pia: kura hana, lakini mtoto wa kuandikwa anaye.