Mikato Mitatu ya Mwili

Daktari akisema maumivu yapo kushoto, ni kushoto kwa nani? Kwa mgonjwa, siku zote. Awe amelala kifudifudi au amejikunja kwa uchungu, mwili wake huelezwa kana kwamba amesimama wima, uso mbele, viganja vikitazama mbele.

Katika mkao huo hupitishwa mikato mitatu ya kufikirika. Mmoja hushuka kutoka utosini na kutenga kulia na kushoto. Ukipita katikati kabisa, hugusa pua na kitovu. Wa pili hutenga mbele na nyuma. Wa tatu hulala, ukitenga juu na chini, kama kisu kinavyokata mkate slesi.

Huo wa tatu ndio uliofanyiwa kazi ya kustaajabisha. Huko Colorado, Marekani, wataalamu waligandisha maiti ya mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya kifo mwaka 1993, ambaye alikuwa ametoa mwili wake kwa sayansi. Waliusaga milimita moja moja, wakipiga picha kila tabaka: picha 1,871, zilizotolewa kwa umma mwaka 1994.

Leo CT-skani huonyesha mikato hiyo kwa mtu aliye hai, tena bila kisu. Daktari huitazama kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa, ndiyo maana ini, lililo kulia kwa mgonjwa, huonekana kushoto mwa picha. Alama ya upande ni lazima iwepo, kwani wapo watu wachache waliozaliwa na ini kushoto na moyo kulia.