Ramani ya Kugawa Shamba

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huanza nyumbani kwa furaha, na mara nyingi huishia barazani kwa machozi. Jambo lenyewe ni kugawa shamba la baba kwa watoto wake.

Kila aijuaye Kibaoni, penye njia itokayo Kidatu kwenda Ifakara, ameona jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani shamba la mpunga lilijulikana kwa mwembe, au kwa kichuguu, au kwa safu ya mikonge. Watu walikuwa wachache, na aliyehitaji zaidi alifyeka zaidi. Sasa watu wamekuwa wengi, na kipande cha hatua kumi chaweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja. Tena wakati wa masika mto Kilombero na vijito vyake hufurika. Maji yakipungua, kichuguu kimemomonyoka, mkonge umechukuliwa, na pengine kijito chenyewe kimehama. Hapo mpaka hubaki katika kumbukumbu za wazee tu, na wazee hawaishi milele.

Kwa hiyo twawaambia: chorni ramani kabla ya kugawa, na kabla ya kuchora patanisheni watu. Ramani haina uwezo wa kumaliza ugomvi ambao wenye shamba hawakuumaliza. Kazi yake ni kuyahifadhi yale waliyokubaliana.

Tuchukue mfano. Baba ana shamba lenye upana wa mita 100 mbele ya njia, na urefu wa mita 200 kwenda nyuma. Hizo ni hekta 2, yaani karibu eka 5. Ana watoto wanne, nao wataka sehemu sawasawa. Wasemao haraka watasema, “Likate katikati kwa urefu na kwa upana, upate vipande vinne.” Ni kweli, kila kipande kitakuwa na mita 50 kwa 100. Lakini wale wawili wa nyuma watapita wapi na magunia yao ya mpunga? Leo watapita kwa ndugu yao kwa hisani. Kesho ndugu huyo akiuza, mnunuzi atajenga ua.

Basi ziko njia mbili. Ya kwanza ni kukata mapande marefu manne, kila moja mita 25 kwa 200, na yote yafike njiani. Ya pili ni kuacha kichochoro cha mita 4 katikati, kutoka njiani hadi vipande vya nyuma. Kichochoro hicho chatwaa kama mita za eneo 400. Wakigawana hasara hiyo, kila mtoto apoteza kama 100 tu katika 5,000 zake. Hasara hiyo ni ndogo sana kuliko gharama ya kesi moja.

Sasa twende kwenye kuchora. Wanafunzi, pimeni pande zote nne za shamba kwa kamba ya kupimia, lakini msikome hapo. Pande nne peke yake haziwezi kushika umbo la shamba, kama vile fremu ya mlango yenye misumari iliyolegea inavyoweza kulala upande. Pimeni pia kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea. Katika shamba la mfano wetu, ikiwa pembe zake ni mraba, mtapata mita 223 na nusu hivi kila upande. Mkipata vipimo viwili vinavyohitilafiana sana, jueni kwamba shamba limekwenda mshazari, na hesabu ya mgawo itabadilika.

Kisha chagueni kipimo cha ramani. Katika kipimo cha 1:1,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 10 za ardhi, na shamba letu lakaa vema katika ukurasa wa daftari. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika nusu mita ya ardhi. Lakini katika ramani ya nchi ya kipimo cha 1:50,000, mstari huo huo hufunika mita 25! Pande zima la mtoto mmoja, kwa upana wake wote, lafichwa na wino. Kadhalika simu ya mkononi: ni msaada mkubwa wa kuonyesha shamba lilipo, lakini yaweza kukosea kwa mita kadhaa. Msiiamini peke yake kwa mpaka wa ndugu na ndugu.

Ramani yenu ya daftari si hati. Ni matayarisho. Itawasaidia kwa mtaalamu na kwa viongozi. Tangu mwaka 2016 Serikali ilifanya kazi kubwa ya kupima na kutoa hati za hakimiliki za kimila katika vijiji vya wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Na walioshiriki wajua kwamba mpimaji hupita mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani. Hati hizo hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Ndani ya mji mambo ni mengine: hutangulia mchoro wa mipango miji, kisha mpimaji aliyesajiliwa hupima na kuweka mawe ya mipaka, na ramani yake hupata idhini. Kiwanja kilichokwisha kupimwa hakikatwi kwa mapatano ya nyumbani tu. Na jiwe la mpaka lisiguswe. Kuling'oa ni kosa la jinai.

Neno moja bado. Katika ule mfano wetu tulisema watoto wanne, hatukusema wana wa kiume wanne. Sheria hiyo ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Basi binti naye aitwe siku ya kupima, na mama asimame pale mpakani, asikie na kuona.

Fanyeni haya baba angali hai, na majirani wakongwe wangali waweza kutembea hadi shambani. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Jumamosi moja yatosha kuzunguka mipaka na kuandika majina ya walioshuhudia. Tumeona ndugu waliokosa Jumamosi hiyo, nao sasa wapitana njiani bila kuamkiana.

Kwaherini.